Kutafuta Akina Baba Kariakoo

Nyinyi mnaoanza kazi za wodi, mnaovaa zile sare mpya zenye mifuko miwili, leo nawapa habari ya wino. Siyo wino wa kalamu, ni wino wa dole gumba. Najua mnacheka. Chekeni kwanza, mkimaliza sikilizeni.

Mimi ni Bi Somoe. Kwetu Lindi, ila Lindi niliiacha bado msichana, Ilala ndiyo iliyonizeesha. Nimekuwa mhudumu katika hospitali moja huku mjini, siyo mbali na Msimbazi. Jina lake siandiki, maana wapo niliowaacha pale na bado wanakula ugali wao. Mhudumu anapiga deki, anamwaga mikojo, anasukuma machela. Mimi nikaongezewa na jambo moja ambalo halikuandikwa popote: nilikuwa mshika fomu ya ridhaa wodi ya watoto. Ile karatasi ambayo mzazi anakubali mwanawe apasuliwe. Sista anaijaza juu, mimi naipeleka kwa mzazi atie dole au sahihi, naileta. Pasipo ile karatasi machela haivuki mlango wa thieta.

Kazi hiyo nilirithi kwa Mzee Chande, mhudumu wa zamani, mtu mrefu, mpenda uji. Alinifundisha wiki moja akastaafu. Mambo ya wino alikuwa nayo, tumpe haki yake. Dole lioshwe kwa sabuni kwanza, likauke. Muuza samaki dole lake lina mafuta, wino unateleza. Mwanamke anayemenya mihogo kutwa dole lake limelika, mistari hakuna, huyo mgeuzie mkono wa kushoto. Bibi harusi aliyepakwa piko mpaka kwenye kucha, mwambie akupe dole la mguu. Hapana, hilo natania, lakini Mzee Chande aliapa alishawahi. Fundi wa gereji wino wako uache nyumbani, anao wake. Na usilizungushe dole kwenye karatasi kama unasukuma chapati. Bonyeza mara moja, inua. Ukilizungusha linatoka doa, dokta atakuuliza kama aliyetia dole ni paka.

Jambo la mwisho alilonifundisha alilisema bakuli la uji likiwa mdomoni: "Somoe, fomu ni ya baba. Mama atalia, baba atatia dole. Usichanganye."

Sikuchanganya. Miaka kumi na tisa sikuchanganya.

Basi ikawa hivi. Mama anakuja na mtoto mgongoni, daktari anasema apasuliwe, mimi namuuliza mama, "Baba yake yuko wapi?" Yuko Kariakoo. Karibu wote walikuwa Kariakoo, au Mchikichini, au gereji za Ilala. Nafunga kidau cha wino kwenye pindo la khanga, fomu naitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe, natoka. Mama namwacha kwenye benchi.

Kumtafuta mtu Kariakoo kuna namna yake. Usiulize jina. Ukiuliza Athumani Saidi utaletewa Athumani kumi na wanne na wote watakuambia ndiyo mimi, wakidhani umeleta oda. Uliza mzigo. "Yule wa mapazia, mwenye kibaraghashia cha kahawia, anayekaa mkabala na muuza feni." Hapo utapelekwa mpaka miguuni pake.

Pili, usikimbie. Mimi nilikimbia siku moja, Mtaa wa Kongo, kuna mtoto kavunjika paja. Anayekimbia Kariakoo ama ameiba ama ameibiwa, hawana jina la tatu. Nikadakwa na vijana wa mikoba.

"Bibi, umechukua nini?"

"Sijachukua kitu. Namtafuta baba."

"Baba wa nani?"

"Wa mtoto!"

Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Jamani, bibi mzima na mvi zake, jamaa kamtelekezea mtoto!" Kile kicheko kilifika mpaka mnarani. Walinisaidia kumtafuta, sikatai, lakini kila duka tulilopita walikuwa wananitangaza. Baba wa mtoto alipopatikana, kijana mpole wa watu, alipigwa kofi la kisogo kabla sijafungua mdomo.

Tatu, usimwambie mtu habari ya mwanawe akiwa na mzigo kichwani. Mwambie ashushe kwanza. Hili nilijifunza kwa katoni mbili za glasi.

Halafu zikaja simu. Tukasema sasa tumepona, baba tunampigia, anakubali kwa sauti, sista anasikia na mimi nasikia. Siku moja nikapiga namba niliyopewa na mama mmoja. Mwanamume akapokea. Nikamweleza yote, mtoto ana ngiri, imejikaba, daktari anataka kumpasua. Akasema, "Sawa mama, nakubali, mpasueni, Mungu atasaidia." Nikamshukuru. Nikawa nataka kukata, akaniuliza, "Samahani lakini, ni mtoto wa nani?" Kumbe nilikosea tarakimu moja. Mtu yupo zake Tandika kanyoosha miguu, kakubali kupasuliwa mtoto wa watu kwa sababu bibi kaomba kwa adabu. Tangu hapo sista akakataza simu, nikarudi kwa miguu yangu.

Ndiyo nafika kwa Zai.

Zaituni, miaka minane, aliletwa asubuhi saa mbili, kabebwa na mama yake aliyekuwa anauza viatu vya mtumba Mchikichini. Yule mama tulimwita Mama Zai. Mwembamba, mkimya, baibui limechujuka mabegani. Zai alikuwa amejikunja kama kamba, analia kwa kuvuta pumzi. Akalazwa kwenye kitanda cha kupimia, mama akaenda dirishani kukata kadi, pale kwenye foleni mnayoijua. Kwa hiyo Dokta Neema alipompima mtoto, mama hakuwepo. Hilo lishikeni, kwa sababu lilileta balaa lake.

Dokta Neema alikuwa mgeni kwetu, hajamaliza hata miezi miwili, dada mdogo mwenye maneno machache. Akabonyeza tumbo upande wa kulia, akaachia, mtoto akaruka. "Kidole tumbo," akasema. "Huyu aingie asubuhi hii hii, kabla hakijapasuka." Wakati huo huo akaitwa thieta, kuna mjamzito amekwama. Akamwambia Sista Mage, "Fomu yake iwe tayari. Nikimtoa huyu, namwingiza mtoto." Sista Mage akanitazama mimi. Nikachukua fomu.

Mama Zai nikamkuta kwenye benchi, kadi mkononi.

"Baba yake yuko wapi?"

"Shikamoo bibi. Shaweji yuko Kariakoo, anabeba majora ya vitambaa kwenye duka la Mwarabu, Bwana Salim, la khanga. Simu yake imezima tangu jana."

"Marahaba. Basi namfuata."

Akanyanyuka kidogo. "Kwani mimi siwezi kukubali, bibi?"

Nikamwambia kwa upole kabisa, mnisikie, kwa upole, "Hapana mwanangu. Dole la mama halitoshi. Wewe kaa hapo."

Akakaa.

Duka la Bwana Salim nililipata bila taabu, kila mtu analijua. Mzee mnene mwenye ndevu nyeupe, babu zake waliingia kutoka Yemeni, yeye mwenyewe Kiswahili chake cha Gerezani kitupu. Alikuwa amekaa katikati ya khanga kama amezaliwa humo.

"Karibu bi mkubwa. Doti ngapi?"

"Sinunui. Namtafuta Shaweji, mbeba majora. Mwanawe anapasuliwa hospitali, nataka aweke dole."

"La ilaha illallah. Shaweji yuko Kurasini, wanashusha kontena. Mamake mtoto je, yuko wapi?"

"Yuko hospitali, kwenye benchi."

"Mgonjwa?"

"Mzima."

"Ana akili zake?"

"Anazo."

Akaweka rula yake chini. "Sasa Shaweji unamtakia nini? Shaweji daktari?"

Nilimwona ni mtu asiyejua kazi za watu. Nikamjibu, "Ndivyo utaratibu ulivyo, Bwana Salim." Akatikisa kichwa, akampigia dereva wa lori amwambie Shaweji arudi upesi. Dereva akasema wanakuja, wako njiani. Sasa nyinyi mnajua "niko njiani" ya Bongo ni kitu gani. Mtu bado anatafuta ndala zake.

Ningeweza kurudi. Ilikuwa saa tatu na nusu. Badala yake nikakaa pale dukani kumngoja. Nikaletewa kahawa na kashata. Nikanywa, nikala. Tukazungumza habari za khanga, kwamba siku hizi zinachuja kwa maji ya kwanza. Sifichi, nilikuwa nimestarehe. Nilijiona niko kazini.

Saa tano kasorobo Shaweji hajatokea, nikaona nirudi, mwenyewe atanikuta huko.

Kumbe Dokta Neema alitoka thieta saa nne kamili. Akauliza fomu ya mtoto. Sista Mage akamwambia, "Bi Somoe ameenda kumleta mzazi." Dokta akaelewa mtoto kaletwa na jirani, mzazi hayupo. Akaanza kumtafuta mganga mkuu wasaini wawili, maana mzazi akiwa hayupo kabisa na hali ni mbaya, waganga wana njia yao, hawaachi mtoto afe kwa ajili ya karatasi. Mganga mkuu alikuwa mkutanoni, ng'ambo ya mji, anapigiwa hapokei. Dokta akawa anapita na kurudi kwenye ule ukumbi. Mama Zai yuko pale pale kwenye benchi, anamwangalia dokta akipita, na hasemi kitu, kwa sababu mimi nilimwambia akae.

Nilipoingia ukumbini ndiyo dokta alikuwa amesimama mbele ya Mama Zai.

"Wewe ni nani wa huyu mtoto?"

"Mama yake."

"Mama yake wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

Dokta akageuka akaniona. "Bi Somoe. Wewe ulikwenda kumtafuta nani?"

"Baba yake, dokta."

"Kwa nini?"

"Si ndiyo sheria?"

"Sheria ya nani?"

Nilitaka kusema ya Mzee Chande.

Akaniambia mbele ya watu wote, bila kupandisha sauti, kwamba mama ni mzazi, baba ni mzazi, mmoja wao anatosha, na mlezi aliyekabidhiwa mtoto naye anatosha. Hakuna aliye nusu. Halafu akaninyang'anya ile fomu, akamgeukia Mama Zai, "Mama, tunaomba utie sahihi hapa, mtoto aingie sasa hivi."

Mama Zai hakunyanyuka.

"Huyu bibi kaniambia dole langu halitoshi," akasema. "Sasa hivi limetosha? Limekua nikiwa nimekaa?"

Sista Mage akainamia mafaili.

"Mnataka mnibebeshe mimi," akaendelea. "Mimi nina wakwe zangu Newala, na huyu mtoto ana shangazi zake watatu. Likitokea la kutokea wataniuliza, nani alikubali akatwe? Nitasema mimi? Mtu ambaye hospitali yenyewe ilimwambia kwamba si kitu? Mngojeeni baba yake, kama mlivyosema. Na hata hivyo mtoto kapata nafuu. Amenyamaza."

Kweli Zai alikuwa amenyamaza. Amelala chali, macho wazi, miguu ameinyoosha. Mimi nilifurahi. Dokta Neema hakufurahi. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mtoto, na nilimwona anavyokiondoa polepole. Baadaye alinieleza: kidole tumbo kikipasuka, maumivu hupungua kwa muda, watu wa nyumbani wakashukuru Mungu, kumbe ndani usaha unatembea. Tumbo lilikuwa limekaza kama ubao wa mbuzi ya kukunia nazi.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Angekuwa hayupo, ningepata la kufanya. Lakini yupo, ana akili zake, na anakataa. Umeniletea kazi, Bi Somoe."

Nami nikaenda kumbembeleza. Nikamwambia Mama Zai mimi nilikosea, mwanangu, nisamehe, tia dole. Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayejaribu kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Maneno yangu yalikwisha thamani. Mtu uliyemwambia asubuhi kwamba hawezi, huwezi kumgeuza kwa kumwambia anaweza. Hilo ndilo nililojifunza pale nikiwa nimesimama, na nililipata kwa bei ya tumbo la mtoto wa watu.

Aliyemgeuza ni dokta, na hakumbembeleza. Alichuchumaa mbele ya benchi, koti jeupe likagusa sakafu niliyokuwa sijapiga deki, akasema, "Mama, kuna mtu yeyote aliyekueleza mwanao anaumwa nini?"

"Hakuna."

"Tangu saa mbili?"

"Walisema wanamngoja baba aje aelezwe."

Dokta akajishika tumbo lake mwenyewe. Akamwonyesha mahali, akamwambia kuna kijiutumbo hapa, kidogo kama kidole, kimeoza, nadhani kimeshapasuka. Nitakata hapa, mkato wa namna hii, nitakitoa, nitasafisha. Nisipokata, usaha utaenea.

"Mtamlaza usingizi?"

"Tutamlaza. Hatasikia."

"Wapo wanaokufa mezani?"

"Wapo. Wachache. Wanaokufa bila kukatwa ni wengi zaidi."

"Ataweza kuzaa akikua?"

Dokta akasema ataweza, ila tusizidi kuchelewa. Mama Zai akatazama mlangoni mara moja, pale ambapo Shaweji angetokea. Hakukuwa na mtu. Akasema, "Haya."

Mimi nikawahi. Nimeshafungua kidau, nimeshaushika mkono wake, dole nimelinyoosha. Akauvuta.

"Lete kalamu," akasema.

Akaandika majina yake matatu, mwandiko umelala upande mmoja, herufi zimeshikana, mzuri kuliko wa sista. Alimaliza kidato cha nne huko kwao. Mimi nilimwona baibui limechujuka na viatu vya mtumba, nikamfungulia wino.

Kilikuwa kimeshapasuka. Walikaa thieta muda mrefu. Shaweji akafika saa nane mchana, vumbi la kontena mpaka kwenye kope, anahema.

"Mwanangu yuko wapi? Wamemaliza?"

Mama Zai akamwambia bado wako ndani, wamechelewa kuanza.

"Saa hizi? Si umemleta asubuhi? Walikuwa wanangoja nini?"

Mkewe hakunisema. Aligeuza uso tu upande niliokuwa nimesimama na ndoo yangu. Ikabidi niseme mwenyewe.

"Wewe, baba. Tulikuwa tunakungoja wewe. Mimi ndiye niliyesema ungojewe."

"Mimi?" Akajitazama mikono. "Bibi, mimi najua nini habari ya tumbo la mtu? Mama yake si alikuwepo?"

Akaketi karibu na mkewe. Afadhali angenitukana.

Zai alipona, nisiwaweke roho juu. Lakini wenzake wa kidole tumbo walikuwa wanatoka siku ya tano, yeye alikaa wiki tatu na mpira ubavuni wa kutoa usaha, na walimrudisha thieta mara ya pili. Kovu lake si lile la mkato mdogo. Kila siku nilipiga deki chini ya kitanda chake. Mama Zai alikuwa ananiamkia kama kawaida, "Shikamoo bibi," nami naitikia. Hakuwa mtu wa kinyongo. Ila karatasi yoyote iliyopita karibu yake, ya dawa, ya kipimo, alinyoosha mkono, "Lete nisome kwanza." Ikawa tabia ya wodi nzima, mama wa vitanda vingine wanampelekea za kwao anawasomea.

Wiki ya tatu nikaletewa fomu nyingine. Mtoto wa kiume wa kitanda cha dirishani, jipu la paja, na mama yake msichana mdogo kutoka Masasi, muuza vitumbua. Nilipita nayo karibu na Mama Zai. Akanyoosha mkono. Nikampa.

Akasoma kwa sauti, kama alivyozoea kuwasomea wenzake: "Mimi, mzazi au mlezi wa mtoto aliyetajwa hapo juu, nimeelezwa na nimeelewa tiba atakayopewa..." Akaishia hapo. Akanitazama.

"Bibi, karatasi hii umeishika miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Nionyeshe palipoandikwa baba."

Kusoma najua, lakini kwangu ni kwa kuunganisha herufi, na fomu zile zilikuwa zimepigwa kopi juu ya kopi mpaka maandishi yamekuwa kama sisimizi. Sikuwahi kuzisoma. Mzee Chande alishanisomea kwa mdomo wake, na sidhani kama na yeye alizisoma. Niliinama nikafuata kidole cha Mama Zai, neno kwa neno.

"Soma tena," nikamwambia.

Akasoma tena, polepole, kwa ajili yangu. Yule msichana wa vitumbua alikuwa amesogea anasikiliza, mtoto begani. "Kwa hiyo hata mimi naweza?" akauliza. "Baba yake yuko machimboni."

Nilikwenda kumwita dokta aje amweleze kwanza. Alipomaliza kuelezwa, nikamuuliza kama anataka kalamu au wino.